Mikumi jioni: Kwa nini wanyama husogea barabarani

MSAFIRI atokaye Morogoro kwenda Iringa hupita takriban kilometa 50 ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyoanzishwa mwaka 1964 katika uwanda uliopakana na milima ya Uluguru upande mmoja na Udzungwa upande mwingine. Mchana wa jua kali aweza kuuvuka uwanda huo asione ila swala wachache. Jioni mambo hubadilika.

Joto likipungua, swala pala na pundamilia hutoka vivulini kula, na simba waliolala mchana kutwa huamka kuwafuata. Barabara yenyewe nayo huwavuta: maji ya mvua yanayotiririka kutoka kwenye lami huotesha majani mabichi pembeni hata pale mbuga imeanza kukauka. Hapo ndipo malisho na magari hukutana.

Huku kwetu karibu na Ikweta magharibi ni fupi. Jua likishazama, giza huingia baada ya nusu saa hivi. Anayetaka kuona wanyama ayatumie vema machweo hayo, na baada ya hapo atafute macho, si miili. Nyuma ya retina za simba, fisi na swala kuna utando unaorudisha mwanga, na ndio unaoyafanya macho yao yang'ae mbele ya taa za gari. Nyani na ngedere hawana utando huo, ingawa komba, jamaa yao wa usiku, anao. Twiga ni hatari ya namna yake: macho yake yako juu mno, mwanga wa taa huishia miguuni, na miguu hiyo hufanana na miti.

Mnyama aliyemulikwa ghafla hupofuka kwa muda, naye mara nyingi husimama pale pale. Dereva anayemdhania atakimbia anakosea. Gari lenye mwendo wa kilometa 80 kwa saa hukata mita 22 kila sekunde, hata kabla mguu haujagusa breki. Kwa kilometa 50 ni mita 14. Isitoshe, mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Ndiyo maana kuna matuta na mabango ya mwendo, pamoja na faini kwa anayegonga, ambayo hutofautiana kwa kila mnyama. Wapo madereva wanaoyaona matuta hayo kuwa usumbufu. Labda hawajaona basi lililogonga nyati.

Pundamilia mmoja akivuka, subiri. Wenzake wako nyuma. Usisimame ghafla katikati ya njia, kwani malori ya Zambia na Kongo yanakufuata. Tembo akiziba barabara, kaa mbali naye, punguza taa, acha honi, wala usishuke garini. Ataondoka akitaka.