Je, Wajua? Beti Zilizowakosesha Wakubwa Usingizi

Ulidhani shairi ni la harusini na mahafali tu? Hebu sogea.

Mombasa, karne ya 19: Muyaka bin Haji alilitoa shairi msikitini akalishusha sokoni. Ukoo wa Mazrui na Sultani Seyyid Said walipogombania mji, watu walimsikiliza Muyaka kujua mambo yamefikia wapi!

Na Lamu je? Katika uchaguzi mdogo wa 1975, washairi wa pande mbili walirushiana beti kali ziitwazo kimondo, zikarekodiwa kwenye kanda za kaseti. Bango la nini tena?

Siti binti Saad wa Unguja, aliyerekodi santuri Bombay mwaka 1928, aliimba hadi kesi za mahakamani. Wimbo wake "Kijiti" unasimulia mauaji ya mwanamke, na hakimu naye hakuachwa salama.

Hii ishike vizuri. Abdilatif Abdalla alikuwa na miaka 22 tu alipofungwa miaka 3 kwa kuandika kijikaratasi cha kuihoji serikali ya Jomo Kenyatta. Gerezani akatunga mashairi kwa siri, kwenye karatasi za chooni! Yakatoka kama kitabu, Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 kikashinda tuzo ya fasihi. Tuzo ya nani? Ya Jomo Kenyatta! Cheka, ndugu yangu, umeruhusiwa.

Kamĩrĩĩthũ, Limuru, 1977: wakulima na vibarua walijijengea ukumbi wa wazi wa watu 2,000, wakaigiza tamthilia kwa Kikuyu. Serikali ikaipiga marufuku, na Ngũgĩ wa Thiong'o, mmoja wa watunzi wake, akawekwa kizuizini. Mwaka 1982 ukumbi wenyewe ukabomolewa. Jukwaa lina kosa gani?

Tanzania nayo ilikuwa na ngonjera za Mathias Mnyampala: mmoja anauliza na kubisha, mwenzake anajibu, Azimio la Arusha linaeleweka. (Mbishi hakushinda hata siku moja, lakini tuyaache hayo.)

Sasa vuka bahari. Rio de Janeiro, mwongozaji wa maigizo Augusto Boal alichaguliwa diwani, akahudumu 1993 hadi 1996. Katika michezo yake mtazamaji husema "simama!", hupanda jukwaani, hushika nafasi ya mwigizaji na kuonyesha yeye angefanyaje. Mapendekezo yalipelekwa barazani, na 13 yakawa sheria. Sheria 13 kutoka kwenye maigizo!

Na Chicago, fundi wa ujenzi Marc Smith alianzisha mashindano ya ushairi miaka ya 1980. Majaji? Huokotwa humo humo ukumbini, wawe wasomi au wasiwe, wanatoa alama 0 hadi 10. Hata wewe ungepewa kibao cha alama!