Pesa imeingia, lakini oda bado inasoma "haijalipwa"

Mteja amelipa. SMS ya uthibitisho anayo, na wewe umeona pesa imeingia kwenye till. Lakini tovuti ya duka lako bado inasema hajalipa, na sasa amekupigia simu kwa hasira akiuliza mzigo wake uko wapi.

Malalamiko ya aina hii yakitufikia, kuna wakati tunakuta malipo yako sawa kabisa. Kilichokwama ni msimbo wa zamani wa tovuti.

Iko hivi: mteja akilipa, mfumo wetu hutuma taarifa kwa seva ya tovuti yako, nayo tovuti huiandika kwenye hifadhidata. Tovuti nyingi za zamani zilizoandikwa kwa lugha ya PHP hutumia amri iitwayo mysql_query kwa kazi hiyo. Mwaka 2013, PHP 5.5 ilipotoka, watumiaji walionywa kuwa amri hiyo itaondolewa. Mwishoni mwa 2015, PHP 7 ikaja bila hiyo amri. Seva yako ikihamishiwa toleo jipya, taarifa yetu inafika halafu hakuna wa kuiandika.

Fundi atakwambia ni kuongeza herufi moja tu, iwe mysqli_query. Si kweli. Amri ya zamani ilitaka swali kwanza. Hii mpya inataka muunganisho kwanza, halafu swali. Kwa hivyo kila mstari unaguswa, na faili inayosahaulika huwa ile ya kupokea malipo, maana hakuna anayeifungua kwa macho. Mafundi wakinung'unika tunawaelewa: kitu kilikuwa kinafanya kazi, mbona kiguswe? Lakini ile ya zamani haikuwa na njia ya kutenganisha maneno ya mteja na maagizo ya hifadhidata, na wezi wanaujua mlango huo.

Kama wewe ndiye mteja, usilipe mara ya pili. Mtumie mwenye duka nambari ya muamala iliyo kwenye SMS.

Mwenye duka, linganisha taarifa ya till na oda zako tangu siku seva ilipobadilishwa. Mwambie fundi atafute mysql_ kwenye faili zote, kisha mjaribu kwa malipo halisi ya shilingi 10. Akikuomba PIN ili "ajaribu mfumo", mkatalie. Kazi hii haihitaji PIN yako popote.