Mbinu za kudurusu Kiswahili kabla ya KCSE

Watahiniwa wengi hudurusu kwa kuyasoma madaftari upya, kisha huduwaa katika chumba cha mtihani. Kusoma tena humfanya mtu adhani anajua. Kujibu maswali bila kutazama daftari ndiko humfichulia asichokijua.

Chukua mfano wa Karatasi ya Pili. Ina alama 80: ufahamu 15, ufupisho 15, matumizi ya lugha 40 na isimujamii 10. Nusu ya alama imo katika sarufi, ambayo haieleweki kwa usiku mmoja.

Kwa hivyo, kila siku jibu maswali machache ya mitihani iliyopita huku ukizingatia muda. Yasahihishe, kisha uyarudie uliyoyakosa baada ya siku tatu, na tena baada ya wiki.

Usiku wa kuamkia mtihani, lala. Akili iliyochoka husahau hata ngeli iliyozizoea.