Onam: kila mutu na jani lake

Kusini ya India, pembeni ya bahari, kuko jimbo moja jina lake Kerala. Wenyeji wanaitwa Wamalayali, sababu lugha yao ni Malayalam. Kila mwaka, mwezi wa 8 ao wa 9, wanashika sikukuu ya mavuno: Onam.

KISHA NJAA, MAVUNO

Zamani walikuwa wakilima mupunga. Mwezi wa Karkidakam mvua ilinyesha sana, kazi ikapunguka, na gala zikabaki tupu. Kisha mwezi wa Chingam ukafika, jua likatoka, na muchele mupya ukaingia nyumbani. Njo maana furaha ni kubwa.

Wahindu wanasimulia habari ya mufalme Mahabali. Wakati wake watu wote walikuwa sawa, uongo na wizi hakuna. Miungu wakamuonea wivu. Vishnu akajigeuza mutu mufupi, akaomba udongo wa hatua tatu tu. Mufalme akakubali. Mara yule mufupi akakomaa: hatua moja ikamaliza dunia, ya pili ikamaliza mbingu. Mahabali hakuvunja neno lake. Akatoa kichwa chake kwa hatua ya tatu. Akashushwa chini ya dunia, lakini mara moja kwa mwaka anarudia kuona watu wake.

NYUMBANI

Muda wa siku kumi watoto wanatafuta maua na kuyapanga chini mbele ya mulango. Kila siku wanaongeza. Siku kubwa, Thiruvonam, wote wanaoga na kuvaa nguo za mupya. Kisha wanakaa kwa mustari, kila mutu na jani la mugomba mbele yake: muchele, mboga za namna nyingi, ndizi za kukaanga, na payasam, ni kusema uji wa maziwa na sukari. Kwa desturi nyama hakuna. Tajiri na masikini, jani ni lilelile.

Na Wakristo? Mu hesabu ya 2011 walikuwa karibu 18 juu ya watu 100 mu Kerala. Wamoja wanakataa Onam, wanasema ni mambo ya Wahindu. Lakini familia nyingi wanaishika kama siku ya kushukuru Mungu kwa mavuno, na wanakula pamoja na jirani Wahindu na Waislamu.

TAABU YA BEI

Mezali yao inasema: uzisha hata mali yako, lakini ule Onam. Watu wanacheka, lakini ndani muko uchungu. Siku hizi maua na mboga nyingi zinatoka jimbo la jirani, Tamil Nadu, na siku za Onam bei inapanda. Sikukuu ya kushukuru haifai kuacha deni nyumbani. Mama wengi wa vikundi vya Kudumbashree, vilivyoanza 1998, wanalima wao wenyewe mboga na maua ya Onam.

Mwezi wa 8 wa 2018, maji yalifurika Kerala, watu zaidi ya 400 wakakufa. Serikali ikafuta sherehe zake, franga zikaenda kwa wenye taabu. Watu waliopoteza nyumba wakakula Onam palepale walipokimbilia, wa dini zote pamoja. Mahabali angefurahi kuona vile.

YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Siku ya sikukuu kwetu, nani anabaki inje?
2. Tunaweza kupunguza nini ili tusiingie deni?
3. Vijana, mutafanya kazi gani ya kusaidia mama siku ile?