Mali ya Halmashauri: Nani Anaweza Kuiuza, na Sisi Tunahusikaje?



Katika vikao vya parokia na wafadhili swali moja hurudi kila mara: tukishajenga darasa, nyumba ya mganga, ghala la alizeti au josho la mifugo, kisha tukaikabidhi halmashauri, je, halmashauri inaweza siku moja kuiuza? Jibu fupi ni ndiyo, inaweza. Makala haya yanaeleza jibu refu, yaani kwa masharti gani, kwa idhini ya nani, na kwa nini wakati wa kuwa macho zaidi ni ule ambapo madiwani hawapo.

Tuanze na jambo ambalo kila mwanakamati analifahamu. Paroko hawezi kuuza kiwanja cha parokia, hata kama funguo zote anazo yeye na muhuri uko mezani kwake. Hati ya kiwanja hicho iko kwa jina la Wadhamini wa Jimbo waliosajiliwa kwa mujibu wa sheria. Paroko ni mtunzaji. Akihamishiwa kwingine kiwanja kinabaki, naye anayekuja anakikuta. Mwenyekiti wa halmashauri, meya, madiwani na mkurugenzi wako katika hali hiyohiyo mbele ya mali ya halmashauri, na makamishna wanaowekwa badala ya madiwani nao pia.

Hao makamishna ni nani?

Sheria za Serikali za Mitaa za mwaka 1982, yaani Na. 7 kwa mamlaka za wilaya na Na. 8 kwa mamlaka za miji, zinaipa Serikali Kuu uwezo wa kuvunja baraza la madiwani lililoshindwa kazi na kuweka tume badala yake. Makamishna wa tume hiyo huteuliwa, hawachaguliwi. Hubeba kazi zote za baraza: kupitisha bajeti, kutunga sheria ndogo, kukusanya ushuru, kuajiri na kusimamia watumishi, kutunza masoko na majengo. Kwa kuwa wanachukua nafasi ya baraza, wanachukua na mipaka yake. Jambo ambalo baraza lisingeweza kulifanya bila idhini, tume nayo haiwezi. Watu wengi hudhani kwamba tume huja na rungu jipya, lakini inachokuta ni vitabu vilevile na rejista ileile ya mali.

Mfano mkubwa kwa nchi yetu ni Dar es Salaam. Mwezi Juni 1996 Serikali, kupitia kwa Waziri Mkuu Frederick Sumaye, ilivunja Halmashauri ya Jiji. Takataka zilikuwa zimejaa mitaani, barabara zilikuwa mashimo matupu, na mapato hayakutosha hata huduma za kila siku. Iliundwa Tume ya Jiji chini ya uenyekiti wa Charles Keenja. Wakazi wa wakati ule wanaikumbuka kwa kusafisha mji, kupanua kazi ya uzoaji taka kwa makampuni binafsi, kutengeneza barabara na kuvunja vibanda vilivyojengwa kiholela. Wapo walioisifu sana, na wenye vibanda walilia. Tume ilifanya kazi hadi mwaka 2000, Jiji lilipogawanywa katika manispaa za Ilala, Kinondoni na Temeke, na Halmashauri ya Jiji juu yake. Maana yake ni kwamba kwa muda unaokaribia miaka minne mji mkubwa kuliko yote nchini uliendeshwa bila diwani hata mmoja. Tume ilifanya kazi nzuri, lakini mwananchi wa Manzese aliyekuwa na lalamiko juu ya soko lake hakuwa na mtu aliyemchagua wa kumpelekea.

Jirani zetu wa Kenya walipita njia hiyo kabla yetu, na kwa muda mrefu zaidi. Baraza la Jiji la Nairobi lilisimamishwa mwezi Machi 1983, ikawekwa tume ya kuteuliwa. Ilikuwa iwe ya muda mfupi, ikaongezewa muda tena na tena hadi mwaka 1992. Mwaka 2003 Serikali mpya ya Kenya iliunda tume ya uchunguzi wa ugawaji haramu wa ardhi ya umma chini ya Paul Ndung'u, nayo ikatoa taarifa mwaka 2004. Ilikadiria kwamba hati zilizotolewa kinyume cha sheria nchi nzima zilifikia takriban 200,000, nyingi zikiwa za miaka ya 1980 na 1990. Viwanja vya shule, makaburi, njia za barabara na nyumba za jiji vilikuwa vimeingia mikononi mwa watu binafsi. Si haki kuwabebesha makamishna wa Nairobi yote hayo, maana mabaraza ya kuchaguliwa yaliyofuata nayo yalitajwa. Lakini somo liko wazi: mali ya mji ilipotea kidogo kidogo, kwa barua moja leo na saini moja kesho, na kuirudisha kulihitaji miaka mingi mahakamani.

Msomaji wa Manyoni au Iramba anaweza kusema, hayo ni ya miji mikubwa, sisi huku tuna minada ya ng'ombe na vitunguu. Hapana. Kila baada ya miaka mitano, kabla ya Uchaguzi Mkuu, mabaraza ya madiwani nchi nzima hufikia mwisho wake, na mpaka madiwani wapya waape, shughuli hubaki mikononi mwa mkurugenzi na wakuu wa idara. Ilikuwa hivyo mwaka 2020, ikawa hivyo tena mwaka 2025. Ni miezi michache tu, lakini katika miezi hiyo hakuna diwani wa kata yenu anayekaa kwenye kikao na kuuliza, "Hili josho linauzwa kwa nini?"

Halafu liko suala la kugawanywa kwa halmashauri. Mkoa wetu unalijua vizuri. Mwaka 2012 wilaya ya Ikungi ilitoka katika Singida, na Mkalama ikatoka katika Iramba. Baadaye Itigi ikawa na halmashauri yake kutoka Manyoni. Makao ya Halmashauri ya Wilaya ya Singida nayo sasa yako Ilongero, nje ya mji. Kila mgawanyo kama huo huleta orodha ya mali na madeni ya kugawana: magari, majengo, viwanja, mikopo. Mali isiyokuwa kwenye orodha siku ya kugawana huwa yatima, na yatima huyo hapati mtetezi.

Mali ya halmashauri huuzwaje kihalali?

Kwanza lazima ijulikane kuwa ipo. Halmashauri inatakiwa kuwa na rejista ya mali za kudumu, na ndani yake kila jengo, kiwanja, gari na mtambo vimeandikwa pamoja na thamani, mahali vilipo na hali yake. Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambaye kazi yake imewekwa katika ibara ya 143 ya Katiba, huikagua rejista hiyo kila mwaka. Katika taarifa zake za Serikali za Mitaa, dosari za rejista na majengo yasiyo na hati ni mambo yanayojirudia. Kasoro hii inaonekana ndogo, ya makarani, lakini kwa maoni yangu ndiyo mlango mkubwa kuliko yote. Jengo lisilo na hati na lisiloandikwa linaweza kubadili mwenyewe bila mtu yeyote kuvunja kufuli.

Pili, uamuzi wa kuuza ni wa kikao, na kikao chenyewe lazima kitimize akidi na kiandike muhtasari. Pendekezo hupita kwenye kamati inayoshughulikia fedha, kisha huletwa kwenye baraza lote, ambalo kwa kawaida hukutana kila robo mwaka. Vikao vya baraza viko wazi kwa wananchi. Mtu yeyote anaweza kwenda kukaa nyuma na kusikiliza, ingawa haruhusiwi kuchangia. Ni wanakamati wangapi wa parokia zetu wamewahi kwenda?

Tatu, mali ithaminiwe na mthamini mwenye sifa, na iuzwe kwa ushindani. Wengi hawajui kwamba Sheria ya Ununuzi wa Umma haihusu kununua tu. Ile ya mwaka 2011, na ya mwaka 2023 iliyochukua nafasi yake, zote zinahusu pia kuuza mali ya umma kwa zabuni. Kwa hiyo tangazo litolewe, bodi ya zabuni ihusike, na aliyeshinda ajulikane. Mauzo ya "tumeelewana naye" kwa bei ya mezani si utaratibu, hata kama bei yenyewe inaonekana nzuri.

Kuhusu ardhi, ongezeni neno moja. Kwa Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ni ya umma chini ya Rais kama mdhamini. Kinachouzwa ni haki ya kuitumia kwa miaka iliyoandikwa kwenye hati, pamoja na kilichojengwa juu yake. Vijijini, Sheria Na. 5 ya mwaka huohuo inaitaka halmashauri ya kijiji isimamie ardhi kama mdhamini wa wanakijiji, na isigawe ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kukubali. Basi kama zahanati mliyoichangia iko kwenye ardhi ya kijiji, mkutano huo ni wenu pia.

Mfano wa jinsi mambo yanavyoweza kuwa magumu hata yakifanywa na chombo cha kuchaguliwa ni shirika la UDA, Usafiri Dar es Salaam. Halmashauri ya Jiji ilikuwa na hisa asilimia 51 na Hazina asilimia 49. Mauzo ya hisa za UDA kwa kampuni binafsi, yaliyoanza mwaka 2011, yalizua mabishano ya miaka mingi bungeni na katika taarifa za ukaguzi: hisa zilithaminiwa shilingi ngapi, nani aliidhinisha, fedha ziliingia akaunti gani. Hayo ndiyo maswali ya msingi, na yangekuwa rahisi kujibu kabla ya mkataba kuliko baada yake. Halmashauri yenyewe ya Jiji ilivunjwa mwezi Februari 2021, Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji, na mali zilizobaki zikahitaji wasimamizi wapya.

Siyo kwamba kila uuzaji ni wizi. Gari lililokaa juu ya mawe miaka minane linakula fedha za mlinzi, liuzwe. Ghala lililotoboka paa, ambalo hakuna chama cha ushirika kinachokuja kulichukua, linaweza kuleta fedha za kukamilisha maabara ya sekondari. Halmashauri inayokataa kuuza chochote nayo inaharibu mali ya wananchi, polepole tu.

Kamati ya parokia ifanye nini sasa?

Chukueni daftari, muandike kila kitu ambacho parokia ilijenga au kuchangia na kukikabidhi kwa Serikali tangu mwaka mnaoukumbuka. Andikeni mahali kilipo, mwaka, nani alichangia na nani alipokea. Kwa visima kumbukeni kwamba usimamizi wa maji vijijini umekuwa chini ya RUWASA tangu sheria ya mwaka 2019, hivyo msiende kuuliza halmashauri habari ya pampu. Kisha mwandikieni Mkurugenzi Mtendaji kwa heshima, mkiomba kuthibitishiwa kama vitu hivyo vimo kwenye rejista na kama viwanja vyake vimepimwa na vina hati. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Nakala mpeni diwani wa kata, na wakati ambapo hakuna diwani, mpeni mtendaji wa kata na Katibu Tawala wa Wilaya. Barua hiyo isiwe ya kushtaki mtu. Mara nyingi mtakuta afisa mwenye nia njema ambaye hajawahi kuambiwa kwamba nyumba ya mganga ilijengwa kwa michango ya jumuiya ndogo ndogo na marafiki wa ng'ambo.

Mkisikia mali inauzwa, ulizeni tangazo la zabuni liko wapi, thamani ilipimwa na nani, na kikao kilichoamua kilikaa tarehe ngapi. Msipopata jibu ndipo muende kwa Mkuu wa Wilaya au ofisi ya TAKUKURU, mkiwa na barua zenu mkononi.

Kwa wafadhili wetu tuna ombi moja. Mnapochangia jengo litakalokabidhiwa, bajeti iwe na fungu la kupima kiwanja, na kabla ya sherehe ya kukata utepe kuwe na hati ya makabidhiano yenye saini za pande zote. Hati hiyo iseme jengo ni kwa matumizi gani, na kwamba kijiji na parokia vitaarifiwa kwa maandishi kabla ya kubadilishwa matumizi au kuuzwa. Nakala moja ibaki kwenye kabati la parokia, moja kwenye ofisi ya kijiji, moja halmashauri, na moja itumwe kwenu.