Pete imepotea: mtaalamu wa vito anajuaje jiwe lilikuwa la thamani gani?

Machi 2009 kampuni ya ujenzi ya Wrekin Construction huko Shropshire, Uingereza, iliishiwa nguvu na kuwekwa chini ya wasimamizi. Kwenye vitabu vyake vya hesabu kulikuwa na mali ya ajabu kidogo kwa watu wa zege na nondo: rubi ghafi ya zaidi ya kilo 2, iliyopewa jina "Gem of Tanzania", thamani yake imeandikwa pauni milioni 11. Taasisi ya vito ya Italia ambayo jina lake lilikuwa kwenye cheti cha thamani ikasema cheti hicho ni cha kughushi. Mwishowe jiwe likauzwa kwa takribani pauni 8,000 tu. Yaani bei iliyoandikwa ilikuwa zaidi ya mara 1,000 ya bei iliyopatikana.

Angalia vizuri kilichotokea hapo. Jiwe lilikuwepo, unaweza kulishika mkononi. Kilichokosekana ni ushahidi wa thamani yake. Na hilo ndilo tatizo lile lile linalomkuta mtu wa Njiro au Sakina aliyekatia bima pete ya tanzanaiti, akaibiwa, halafu kampuni ya bima ikamuuliza: "Tutajuaje ilikuwa ya milioni sita?"

Kwa jiji kama Arusha swali hili si la mbali. Tanzanaiti inachimbwa sehemu moja tu duniani kwa kiwango cha biashara, vilima vya Mirerani wilayani Simanjiro, na kwa miaka mingi mawe yake yamepita mikononi mwa madalali, wakataji na masonara wa Arusha. Tangu 1967 ilipogunduliwa, na 1968 Tiffany & Co. ilipoipa jina la nchi yetu, jiwe hili limeingia kwenye pete za uchumba, zawadi za wazazi na akiba za familia. Ila wengi wanaomiliki vito wana kitu kimoja tu cha kuthibitisha: risiti yenye maneno mawili, "pete tanzanite".

Jemolojia ni sayansi ya kutambua na kupima vito. Inapotumika kujibu maswali ya polisi, mahakama au bima, mtaalamu anakuwa kama daktari wa uchunguzi: haulizi jiwe ni zuri kiasi gani, anauliza jiwe linasema nini. Maswali yake ya msingi ni manne.

Swali la 1: Ni jiwe gani hasa?

Tanzanaiti ni aina ya madini yanayoitwa zoisaiti, yenye chembe kidogo za vanadi zinazolipa rangi ya bluu na zambarau. Tukiwa hapo hapo: wapo wanaodhani jiwe hili lilitemwa na volkano kwa sababu Mlima Meru na Kilimanjaro viko jirani. Sivyo. Tanzanaiti iliumbika ndani kabisa ya ardhi, kwenye miamba iliyobanwa na kupashwa joto, mamia ya mamilioni ya miaka kabla Meru haijawa mlima. Hata lile jiwe la kijani lenye madoa ya rubi linalotoka Longido, ambalo wachongaji hulitengenezea vinyago, kijani chake ni zoisaiti pia. Ni ndugu wa tanzanaiti, ila bei zao ni mbingu na ardhi.

Kipimo cha kwanza cha mtaalamu ni refraktomita, kifaa kidogo kinachopima jinsi mwanga unavyopinda ukiingia kwenye jiwe. Tanzanaiti inasoma kati ya 1.69 na 1.70. Fosteraiti ya maabara, ambayo ni moja ya feki zinazofanana nayo sana kwa macho, inasoma karibu 1.64 hadi 1.67. Aiolaiti, jiwe la asili la bluu-zambarau lenye bei ya chini zaidi, linasoma karibu 1.54 au 1.55. Tofauti zinaonekana ndogo kwenye karatasi, lakini kwenye kifaa ni wazi kabisa.

Kipimo cha pili ni cha uzito ndani ya maji, ile kanuni ya Archimedes ya kidato cha kwanza. Pima jiwe likiwa hewani, kisha likiwa ndani ya maji. Tuseme hewani lina karati 10.05 na majini linasoma karati 7.05. Limepoteza 3.00. Gawa 10.05 kwa 3.00, unapata 3.35, na huo ndio msongamano wa tanzanaiti ukilinganishwa na maji. Aiolaiti ingekupa karibu 2.6. Kioo kinaweza kukupa namba yoyote kutegemea kimetengenezwa vipi, ndiyo maana mtaalamu makini haridhiki na kipimo kimoja.

Kipimo cha tatu unaweza kukijaribu mwenyewe ukiwa na miwani ya jua ya polaroidi. Shika jiwe kwenye mwanga mweupe, tazama kupitia lenzi moja, kisha zungusha miwani taratibu. Tanzanaiti itabadilika kati ya bluu na zambarau, kwa sababu mwanga unaopita upande mmoja wa jiwe unanyonywa tofauti na unaopita upande mwingine. Kioo cha bluu kitabaki vile vile hata uzungushe mpaka jioni. Lakini usikimbilie kushangilia: fosteraiti na aiolaiti nazo hubadilika. Jaribio hili linaweza kukuonyesha kuwa jiwe ni kioo. Haliwezi kukuhakikishia kuwa ni tanzanaiti.

Swali la 2: Lilikuwa kubwa kiasi gani?

Kabla ya yote tuondoe mkanganyiko wa neno "karati", maana kwenye madai ya bima unaleta shida. Karati ya jiwe ni uzito: karati 1 ni gramu 0.2. Karati ya dhahabu ni usafi: dhahabu safi ni karati 24, hivyo karati 18 ni asilimia 75 dhahabu, na ndiyo maana ndani ya pete unakuta muhuri wa 750. Karati 9 ni 375. Risiti inayosema "pete karati 9" haisemi chochote kuhusu jiwe.

Sasa, jiwe limeshapotea. Unapimaje uzito wa kitu ambacho hakipo? Hapa ndipo penye utamu. Kama fremu ya pete imebaki, au kuna picha nzuri yenye kitu cha kulinganishia ukubwa, mtaalamu anakadiria vipimo vya jiwe kwa milimita. Kwa jiwe la umbo la yai anatumia kanuni hii: wastani wa urefu na upana, zidisha kwa wenyewe, zidisha kwa kina, zidisha kwa msongamano, zidisha kwa 0.002.

Chukua jiwe la milimita 9 kwa 7, kina 4.6. Wastani ni 8. Kwa hiyo 8 × 8 × 4.6 × 3.35 × 0.002, jibu ni karibu karati 1.97. Mtu akileta dai kwamba jiwe hilo lilikuwa la karati 4, kina chake kingepaswa kuwa zaidi ya milimita 9, yaani kirefu kuliko urefu wa uso wake. Hakuna fundi anayekata jiwe hivyo. Hesabu ya mistari miwili imemaliza ubishi.

Na hesabu hiyo hiyo inaweza kumtetea mteja. Kampuni ikisema "tunaamini lilikuwa jiwe dogo la karati moja", fremu iliyobaki yenye nafasi ya milimita 9 kwa 7 inasema vingine.

Swali la 3: Nini kililipata?

Bima nyingi za vito hulipa ajali, moto na wizi, lakini hazilipi uchakavu. Tofauti hiyo huonekana chini ya hadubini. Vijino vya dhahabu vinavyoshika jiwe vikiisha kwa kuvaliwa miaka mingi vinakuwa vyembamba, laini, ncha zake zimesagika. Jiwe likichomolewa kwa koleo au bisibisi, vijino vinakuwa vimepinda na vina mikwaruzo mipya inayong'aa. Stori ikisema "lilidondoka lenyewe" na chuma kikasema "nilikunjwa", mtaalamu ataandika kile alichokiona kwenye chuma.

Jiwe lenyewe pia lina kumbukumbu. Tanzanaiti ina ugumu wa kati ya 6 na 7 kwenye kipimo cha Mohs. Vumbi letu lina punje za kwatzi, ambayo ni 7. Kwa hiyo kila unapofuta pete yenye vumbi unaisugua na kitu kinachoweza kuikwaruza, na baada ya miaka kingo zake zinapoteza makali. Jiwe linalodaiwa limevaliwa kila siku kwa miaka kumi lakini kingo zake ni kali kama limetoka kukatwa jana, lazima liulizwe maswali. Tanzanaiti pia ina upande mmoja ambao hupasuka kirahisi, na mpasuko huo huacha uso bapa unaong'aa. Ukiuona, kuna uwezekano mkubwa kwamba jiwe liligongwa au lilipata mshtuko wa joto.

Na moto je? Dhahabu safi huyeyuka kwa nyuzi 1,064 za Selsiasi, na ya mchanganyiko huyeyuka chini ya hapo. Lakini kuyeyuka si kutoweka. Inabaki donge, na uzito wake bado upo pale kwenye jivu. Tanzanaiti inaweza kupasuka na kupoteza uangavu, ila vipande vinabaki. Kwa hiyo nyumba ikiungua, usifagie. Jivu la kabati la vito lichekechwe kwanza, tena mbele ya mkaguzi.

Swali la 4: Ni thamani ipi tunayoizungumzia?

Hili ndilo linaloumiza watu wengi. Pete moja ina thamani zaidi ya moja, na zote ni za kweli. Kuna bei ya kununua nyingine kama hiyo dukani leo. Kuna bei ambayo muuzaji na mnunuzi wasio na haraka wangekubaliana. Kuna bei ya kuuza leo jioni kwa sababu mtoto yuko hospitali. Ya kwanza inaweza kuwa mara kadhaa ya ile ya mwisho. Bima ya vito kwa kawaida inahusika na ile ya kwanza, lakini soma mkataba wako, usiambiwe.

Ripoti ya maabara nayo si tathmini ya bei. Ripoti inasema jiwe ni nini, lina uzito gani, limefanyiwa nini. Karibu tanzanaiti zote sokoni zimepashwa joto la karibu nyuzi 500 hadi 600 ili rangi ya kahawia iondoke; hilo ni la kawaida na si udanganyifu. Ila yapo mawe yaliyopakwa utando mwembamba wa kuongeza bluu, na hayo lazima yatajwe, kwa sababu utando huo hukwaruzika. Zile herufi za "AAA" unazosikia madukani hazina kipimo kimoja kinachotumika duniani kote. AAA ya duka hili inaweza kuwa AA ya duka la pili.

Tena, kuandika thamani kubwa kupita kiasi hakukusaidii. Utalipa ada kubwa kila mwaka, na siku ya hasara utafidiwa hasara halisi tu, si namba uliyoiota. Kuandika ndogo ni hatari pia. Mikataba mingi ya mali ina kifungu cha wastani: kama vito vyako vina thamani ya shilingi milioni 8 na umekatia bima milioni 4, ukipata hasara ya milioni 2 unaweza kulipwa milioni 1. Umejifanya nusu, unalipwa nusu.

Ufanye nini sasa, kabla ya kuibiwa?

Piga picha za pete ukiwa umeweka rula pembeni: juu, ubavuni na ndani kwenye muhuri. Mwombe sonara aipime kwa gramu na kuandika kwenye risiti aina ya jiwe, vipimo vyake kwa milimita, uzito wake na usafi wa dhahabu. Kwa jiwe la bei kubwa lipeleke kwa mtaalamu wa vito. Arusha tuna hata Kituo cha Jemolojia Tanzania (TGC), huna haja ya kutuma jiwe ng'ambo. Omba picha ya ndani ya jiwe chini ya hadubini. Vijipunje vya grafaiti na nyufa ndogo za asili ndani yake ni kama alama ya vidole: polisi wakikamata mawe matano ya bluu yanayofanana, picha hiyo ndiyo itakayosema lipi ni lako. Rudia tathmini kila baada ya miaka michache kwa sababu bei hubadilika. Na nakala za vyote hivi ziweke nje ya nyumba, maana mwizi akibeba kisanduku cha vito mara nyingi anabeba na makaratasi yaliyomo.

Mkikwama na kampuni ya bima, kuna Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA), na kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Wote wawili watakuuliza swali moja: una ushahidi gani? Picha yenye rula na karatasi moja yenye vipimo vitakusaidia kuliko viapo kumi.