Hidrojeni: hewa nyepesi inayovunja chuma kigumu

Mwezi wa tatu mwaka wa 2013, huko California nchini Marekani, boliti kubwa 32 kati ya 96 za daraja jipya linalounganisha San Francisco na Oakland zilivunjika siku chache baada ya kukazwa. Magari yalikuwa hayajaanza kupita. Ikabidi wahandisi watafute njia nyingine ya kulishikilia daraja.

Uchunguzi ulionyesha chanzo: hidrojeni. Atomu zake ni ndogo sana, na maji au asidi vikila chuma, zinapenya ndani yake. Chuma kikivutwa kwa nguvu, ufa unaanza polepole, kisha kinakatika ghafla bila kupinda kwanza. Vyuma vigumu zaidi ndivyo vilivyo hatarini zaidi.

Mwingereza William Johnson alilieleza jambo hilo tangu mwaka wa 1875, alipoona chuma kilichochovywa katika asidi kikivunjika kwa urahisi.

Linawahusu hata mafundi wetu wa kuchomelea. Vijiti vya kuchomelea vyenye unyevu vinaingiza hidrojeni, na ufa unaweza kutokea saa nyingi baada ya kazi kuisha. Kinga yake: vikaushwe, vihifadhiwe pakavu.